Hesabu Mizunguko Kabla ya Kushika Bisibisi

Baiskeli ya gia ikianza kuruka cheni, karibu kila mtu hukimbilia waya. Mwenye baiskeli huzungusha ile skrubu ndogo iliyo mwisho wa waya wa gia, robo huku, nusu kule, na akishindwa humpelekea fundi, ambaye naye huanzia hapo hapo. Mara nyingi hawakosei. Waya mpya hulegea, kava lake hujaa vumbi, na gia hupotea mahali pake. Ipo hali moja, hata hivyo, ambayo kukaza waya hakusaidii kitu na huzidisha tatizo. Ni pale baiskeli iliyokuwa ikibadili gia vizuri inapopata msukosuko mmoja: gia imebadilishwa kwa nguvu katikati ya mlima, pakasikika mlio wa chuma kukwaruzana, cheni ikakwama au ikachomoka, na tangu dakika ile ikawa inaruka. Waya haukubadilika urefu kwa sekunde moja. Kilichobadilika ni kile kilichopata kipigo, na mara nyingi ni pingili moja tu ya cheni kati ya pingili zaidi ya mia. Pingili hiyo inaweza kutambulika kabla hujagusa skrubu yoyote, na bila kununua kifaa, kwa kuhesabu cheni inaruka mara ngapi na pedali imezunguka mara ngapi. Anayeanza na bisibisi huharibu ushahidi huo, kwa kuwa akishavuruga waya anakuwa na hitilafu mbili zinazoruka kwa pamoja, na hakuna tena awezaye kujua ipi ni ipi.

Tuangalie kwanza mzigo ambao cheni inaubeba. Umbo lake halijabadilika sana tangu Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi zake Manchester, alipobuni cheni ya rola mwaka 1880: vibamba viwili vya ndani, viwili vya nje, pini inayovishikilia, na rola inayokaa katika bonde la meno ya spoketi. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, iwe ni baiskeli ya kubebea mkaa au ya mashindano. Sasa mchukue mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa uzito wake wote juu ya pedali moja, krenki ya milimita 170 ikiwa imelala sambamba na ardhi, na spoketi ya mbele ina meno 38. Toka kitovu cha spoketi hiyo hadi kwenye cheni ni kama milimita 77, chini ya nusu ya urefu wa krenki, kwa hiyo cheni inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 155. Akihamia spoketi ndogo ya meno 22, ile ya kupandia milima, mvuto unakaribia kilo 270. Cheni nzima inaumudu mzigo huo bila wasiwasi, mradi tu ivutwe kwa mstari ulionyooka.

Kubadili gia ni kuitaka cheni iende kando huku ikivutwa mbele. Tangu kampuni ya Shimano ilipoleta meno ya Hyperglide mwaka 1989, spoketi za nyuma huchongwa mapito ya kuipandisha cheni taratibu hata mtu akiendelea kukanyaga, na ndiyo maana waendeshaji wengi wamezoea kutopunguza nguvu ya mguu. Lakini mapito hayo yana kikomo. Mzigo wote unapokuwa juu ya kibamba chenye unene wa takriban milimita moja, na kibamba hicho kimeangukia ncha ya jino badala ya kuingia bondeni, jino linageuka mtaimbo. Linakipanua kibamba cha nje kikaachana kidogo na pini, au linaipindua pingili nzima kwa nyuzi chache. Kuchomoka peke yake si kuharibika, na hilo lazima lisemwe ili watu wasitupe cheni nzima. Tarehe 19 Julai 2010, kwenye mlima Port de Balès katika mbio za Tour de France, mwendeshaji Andy Schleck alikuwa amevaa jezi ya njano ya kiongozi wa mbio na ndiyo kwanza anashambulia cheni yake ilipochomoka. Aliirudisha kwa mkono akaendelea kupanda, ingawa siku hiyo alipoteza sekunde 39 kwa mpinzani wake Alberto Contador. Baiskeli hiyo ilikuwa imetunzwa na mafundi wa daraja la juu kabisa, na bado mzigo wa mguu uliishinda cheni. Kwa baiskeli ya mtumba iliyoshuka bandarini na kupita mikono mitatu kabla ya kufika kwako, hakuna sababu ya kutegemea nafuu kubwa zaidi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua baiskeli yenye meno 38 mbele, meno 19 nyuma, na cheni ya pingili 114. Pedali ikizunguka mara moja, pingili 38 zinapita. Ili pingili ile ile irudi mahali ilipokuwa, pedali lazima izunguke mara 3, na gurudumu la nyuma litakuwa limezunguka mara 6. Basi kama pingili moja imeharibika, tatizo litajitokeza mara moja katika kila mizunguko 3 ya pedali, si zaidi. Jino lililopinda kwenye spoketi ya mbele lingejitokeza kila mzunguko wa pedali. Jino lililopinda kwenye spoketi ya nyuma lingejitokeza kila gurudumu linapozunguka, yaani mara 2 kwa kila mzunguko wa pedali. Waya uliolegea hauna mpangilio wa namna hiyo: cheni hulia mfululizo, au huhama ghafla kwenda gia ya jirani na kukaa huko. Friwili iliyochakaa nayo haina mpangilio, na dalili yake ni nyingine kabisa, maana pedali hudidimia ghafla kama imekanyaga hewa wakati cheni yenyewe imetulia juu ya meno. Haya yote yanasikika kwa sikio na mguu. Tafuta njia tambarare isiyo na magari, kanyaga kwa nguvu ya wastani isiyobadilika, na kila pedali ya kulia inapofika chini hesabu moja.

Cheni nyingi hazigawanyiki sawasawa namna hiyo, na hapo ndipo watu hukata tamaa mapema. Ukiwa na pingili 112 na meno 42 mbele, mruko unakuja baada ya mizunguko miwili na theluthi mbili. Utakuta mguu wa kulia chini mara hii, karibu na juu mara nyingine, na utadhani hakuna mpangilio. Upo, ila unahitaji muda mrefu zaidi kuonekana: katika mizunguko 8 ya pedali cheni inaruka mara 3 kamili. Kuna tena uthibitisho wa pili ambao naona ndio wenye nguvu kuliko yote. Mpangilio wa pingili mbovu ukilinganishwa na pedali hautegemei spoketi ya nyuma hata kidogo, unategemea urefu wa cheni na meno ya mbele tu. Kwa hiyo hamia gia nyingine ya nyuma, kisha nyingine tena, bila kugusa ya mbele. Kama mruko unakufuata kwa hesabu ile ile katika kila gia, cheni imejitaja yenyewe. Kama umetoweka ulipoiacha spoketi moja, mwenye kosa yuko kwenye spoketi hiyo au kwenye marekebisho ya gia hiyo, na hapo bisibisi ina haki ya kuingia kazini.

Baada ya hesabu ndipo macho yanafanya kazi, na cheni chafu haitaonyesha kitu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka vichwa vya pini vionekane kimoja kimoja. Pindua baiskeli, zungusha pedali kinyumenyume polepole, na tazama ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma, hasa vigurudumu vyake viwili vidogo. Hapo ndipo cheni hukunjwa kwa kona kali kuliko mahali pengine popote, na pingili iliyokaza haiwezi kujificha: inafika kwenye kigurudumu ikiwa bado imekunjika, mkono wote unashtuka, halafu unatulia. Weka alama ya chaki kwenye pingili iliyopita wakati huo, zungusha tena, na uone kama mshtuko unaangukia chaki ile ile. Kisha simama nyuma ya gurudumu na utazame cheni kwa urefu wake inapopita. Pingili iliyopinduka inayumba upande mmoja kisha kurudi, na ukishaiona mara moja huwezi kuikosa tena.

Pini iliyosogea ndiyo ngumu kuonekana na ndiyo ya hatari. Washa tochi ya simu na uielekeze kwa ubavu wa cheni ili kila kichwa cha pini kitupe kivuli chake. Vichwa vyote vinapaswa kutokeza kwa kiasi kile kile. Kimoja kikiwa kimezama ndani upande huu na kimetokeza zaidi upande wa pili, umekipata. Pitisha pia kipande cha kitambaa cha pamba juu ya cheni bila kukibana sana. Mahali kibamba kilipofunguka, uzi utanasa. Mahali hapo, upande mmoja wa pingili haubebi tena sehemu yake, na zile kilo 155 zinashikwa na kibamba cha pili peke yake, tena kwa kukivuta mshazari. Kitashika leo na pengine kesho. Kitakachofuata ni kukatika, na cheni hukatika pale inapovutwa zaidi, yaani mtu akiwa amesimama juu ya pedali akipanda mlima au akijaribu kuwahi kuvuka barabara.

Fundi mzoefu atasema kwamba cheni ni chuma, kilichopinda hunyooshwa kwa koleo na pini iliyotoka hurudishwa kwa nyundo. Jibu hilo halikutoka hewani. Kwenye baiskeli kubwa za gia moja, zile za Kichina na Kihindi ambazo zimebeba mizigo ya Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa, cheni ni pana na imeunganishwa kwa klipu inayovuliwa kwa koleo. Kutoa pini na kuirudisha kumefanyika maelfu ya mara chini ya miti ya mafundi na baiskeli zikaendelea na kazi. Cheni ya gia ilikwenda njia nyingine. Kadiri idadi ya spoketi za nyuma ilivyoongezeka, cheni ililazimika kuwa nyembamba, kutoka kama milimita 7 kwa baiskeli za gia 8 za nyuma hadi karibu milimita 5.5 kwa zile za gia 11, na sehemu kubwa ya wembamba huo ilipatikana kwa kupunguza ncha za pini zinazotokeza nje ya vibamba. Ncha hizo hupigwa ribiti kiwandani, chuma kikatandazwa juu ya tundu ili kibamba kisitoke. Ukiisukuma pini nje kwa nyundo, ile ribiti inakwanguka na tundu linapanuka. Ukiirudisha itaonekana nzima, lakini sasa inashikwa na msuguano peke yake. Ustadi uliokuwa sahihi kwa cheni moja unakuwa kosa kwa nyingine, na kosa hilo halionekani mpaka baiskeli imerudi barabarani.

Kwa sababu hiyo watengenezaji huuza pini maalumu za kuungia, zenye mkia wa kuongozea unaovunjwa baada ya kupita, na pia pingili za kuungia zinazofungwa kwa mkono. Pingili ya namna hiyo ina umbo la pingili ya nje. Ikiwa iliyoharibika ni ya nje, kama inavyotokea mara nyingi jino linapopanua kibamba, unaitoa hiyo moja, unafunga ya kuungia mahali pake, na urefu wa cheni haupungui hata milimita. Lazima tu ilingane na idadi ya gia za baiskeli yako, kwa kuwa ya gia 8 haitakaa vizuri kwenye cheni ya gia 11. Ikiwa iliyoharibika ni ya ndani, inatoka pamoja na jirani yake ya nje, maana cheni hupishanisha ya ndani na ya nje na haiwezi kuungwa vinginevyo. Unapoteza inchi moja. Wengine hulichukulia jambo hilo kirahisi, na kwenye baiskeli nyingi kweli halina madhara, lakini lipimwe. Zungusha cheni kwenye spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia. Zikikosekana pingili mbili za ziada, cheni ni fupi mno, na siku utakapoingiza gia hizo kubwa mbili kwa pamoja itaung'oa mkono wa gia.

Pingamizi la gharama nalilichukulia kwa uzito zaidi, kwa kuwa mtu anayetegemea baiskeli kwenda kazini hana fedha za majaribio. Lakini gharama ndiyo inayonifanya nisisitize hesabu. Kuhesabu ni bure. Pingili moja ya kuungia ni nafuu kuliko cheni, na cheni ni nafuu kuliko seti ya spoketi ambayo mtu hushauriwa kuinunua pale marekebisho yote ya waya yanaposhindwa. Iko hali ambapo cheni nzima inapaswa kuondoka kweli, nayo pia inapimika. Weka rula juu ya cheni iliyovutwa: pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12, yaani milimita 304.8. Zikifika karibu milimita 306.3, pini na matundu yake vimekwishalika kwa nusu asilimia, na cheni nyembamba inahitaji kubadilishwa. Zikifika karibu 308, spoketi nazo zimekwishaliwa. Cheni ya namna hiyo huruka bila hesabu, zaidi mguu unapoongeza nguvu na hasa kwenye spoketi ndogo, na kubadilisha pingili moja ndani yake ni kazi bure.

Wapo pia wanaosema kwamba tatizo ni mfumo wenyewe, na kwamba mkono wa gia unaoning'inia hauzifai barabara zetu. Hoja hiyo ina watu makini nyuma yake. Shirika la World Bicycle Relief, linalosambaza baiskeli za Buffalo katika nchi kadhaa za Afrika, lilipotaka kuongeza gia ya pili mwaka 2023 halikuweka mkono wa gia. Liliweka cheni mbili na kumwachia mwendeshaji abadili gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Kwa baiskeli inayobeba magunia kwenye njia za mashamba, naukubali uamuzi huo. Lakini haumfikii mtu ambaye tayari ana baiskeli ya gia 18 au 21 iliyonunuliwa mtumbani, wala kijana wa Kigali anayefanya mazoezi ya mashindano, kwenye mji uliopokea ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani mwaka 2025. Hao wanahitaji kuitunza mashine waliyonayo, na mashine hiyo ina njia yake ya kueleza inapoumia.

Pingili ikishabadilishwa na mruko ukaisha, usiifunge kazi kabla hujauliza kwa nini cheni ilijikuta mahali ilipoumia. Kama uligeuza gia kwa nguvu juu ya mlima, sababu unaijua. Kama hukufanya hivyo, tazama sikio la fremu linaloshika mkono wa gia. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia hata mara moja, sikio hilo huweza kuingia ndani kwa milimita chache, na mkono wa gia unaposogea hadi spoketi kubwa kabisa huisukuma cheni kwenye spoki. Simama nyuma uone kama vile vigurudumu viwili vidogo vimesimama wima chini ya spoketi au vimeinama kuelekea gurudumu. Vikiwa vimeinama, sikio linyooshwe kabla ya kitu kingine, kisha skrubu inayozuia mkono wa gia usiivuke spoketi kubwa ikazwe mpaka cheni isiweze kufika kwenye spoki hata ukiisukuma kwa kidole. Mwisho, papasa spoki za upande wa cheni karibu na kitovu cha gurudumu. Cheni iliyoangukia hapo huacha mikwaruzo mirefu kwenye chuma, na spoki yenye mkwaruzo wa kuzama hukatika wiki kadhaa baadaye, wakati msukosuko wenyewe umekwishasahaulika. Hizo zibadilishwe siku hiyo hiyo, wakati gurudumu bado liko mikononi mwa fundi.